Natafuta kaburi la babu aliyekwenda manamba Korogwe mwaka 1954

MjukuuWaZiwani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nimekuja na shida ambayo si yangu peke yangu, ni ya shangazi yangu. Baba yake, yaani babu yangu mzaa baba, aliondoka Liuli, huku kwetu ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1954. Alikwenda Songea kwa miguu, akapanda lori la Silabu, ile ofisi iliyoandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, akaenda kukata mkonge Tanga. Shangazi alikuwa anatambaa. Baba yangu alikuwa bado tumboni.

Babu hakurudi. Mwaka 1957 alirudi mwenzake walioondoka pamoja. Bibi alitusimulia mara nyingi jinsi mtu yule alivyotua sanduku la bati mbele ya nyumba, akakaa chini bila kusalimia, akasema, "Mwenzangu amebaki kule." Bibi akaelewa. Msiba ukakaa siku zake zote bila maiti, na baada ya hapo hakuna aliyekwenda kuuliza, kwa sababu nauli ya kwenda Tanga haikuwepo na aliyejua njia alikuwa mmoja tu. Naye alifariki mimi sijazaliwa.

Kila tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu, sisi wa Liuli tunakwenda makaburini kupalilia na kuweka maua. Shangazi sasa amepita miaka sabini, miguu inavimba, lakini hakosi. Akimaliza kaburi la bibi huwa anafagia na kipande cha ardhi tupu kilicho kando, mraba kama wa mkeka mmoja. Mwaka jana nilimuuliza anafagia nini pale. Akasema, "Hapa ni pa baba. Hayupo, lakini ni pake." Tangu siku ile sijatulia.

Hivi ndivyo tulivyo navyo. Ndani ya sanduku kuna shuka moja, kitabu cha sala cha Kinyanja kilicholiwa pembeni na mende, na kipande cha kazi, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi. Jina la kampuni limefutika kwa unyevu. Kwenye namba zinasomeka tarakimu tatu za mwisho, 617. Jina lake la ubatizo ni Alban. La ukoo sitaliandika hapa. Bibi alikuwa akisema alifanya kazi "kwa Mgiriki, Korogwe", na kwamba kulikuwa na mto ambao walioga jioni.

Nimepiga simu ofisi moja ya mkonge, nikaambiwa mafaili ya miaka hiyo hayapo. Nimeandika barua mahali pengine, mwezi wa tano sasa sijajibiwa. Kama kuna aliyewahi kutafuta kaburi la mzee wa manamba akalipata, naomba anieleze alianzia wapi.

Mpekuzi_Upanga

Pole sana dada.

Nimewahi kukaa miezi minne Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, nikisoma mafaili ya Idara ya Kazi ya wakati wa Mwingereza. Nikuambie mapema ili usije ukavunjika moyo: mafaili yale yamepangwa kwa ofisi na kwa jambo, hayakupangwa kwa majina ya wafanyakazi. Ukiingia ukaomba "faili la Alban" hutapata. Kinachopatikana ni barua za wakaguzi wa kazi, taarifa za mashamba, nani alimiliki lipi na lilikuwa na watu wangapi. Kwa tatizo lako, kazi yake ni moja: kujua Wagiriki wa Korogwe mwaka 1954 walikuwa na mashamba gani. Ukishapunguza yakabaki machache, unaondoka Upanga na kwenda Korogwe kwenyewe. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho.

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma jana usiku nikashindwa kulala, nikamwambia mama watoto kesho nitaandika.

Nilianza ukarani wa kambi mwaka 1966 nikiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, mashamba mengi yakachukuliwa na serikali. Babu yako sikumkuta, lakini madaftari ya watu wa rika lake niliyarithi, na mazishi ya kambini nimeyasimamia kwa miaka kumi na nane. Nitakueleza kama nilivyoona.

Hilo la "kwa Mgiriki" liache kwanza. Wagiriki walikuwa wengi kuanzia Tanga hadi Mombo. Mtu wa bara akiulizwa yuko wapi alijibu kwa Mgiriki, kwa Mjerumani, kwa Mswisi, kwa Mhindi, basi. Mto una maana zaidi. Ukisema Korogwe na mto wa kuoga jioni, ni ule Pangani wenyewe, ambao wenyeji wanauita Ruvu, au ni Lwengera unaoingia humo. Tayari umeshaacha mashamba ya Muheza na ya pwani yote.

Halafu usitafute Mnyasa. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Waliopandishwa lori Songea, awe Mnyasa, Mmatengo, Mpangwa au Mndendeule, wote wakifika huku waliitwa Wangoni. Kambi yao ikaitwa Kambi ya Wangoni, ngoma yao ikaitwa ya Wangoni. Kwenye daftari kabila lake litasomeka Mngoni na hakuna aliyeona kosa, hata yeye mwenyewe alizoea.

Na jina. Nimemkuta Bartolomayo ameandikwa Tolomeo, Kristofa ameandikwa Kitofa. Karani anaandika saa kumi na moja alfajiri kwa taa ya chemli, watu mia wamejipanga, kila mmoja anataja jina kwa lafudhi ya kwao. Haulizi herufi. Naomba umkalishe shangazi yako, mlitamke hilo Alban kwa kasi, kama linavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya bonde, mwone linageuka nini. Na hiyo 617 itunze. Kipande kilikuwa cha siku thelathini za kazi. Kikijaa mtu analipwa na kupewa kingine, lakini kwetu namba yake ya daftari iliendelea kuwa ile ile. Neno manamba lenyewe limetoka hapo.

Sasa mazishi. Mtu akifa kambini, mnyapara anakuja ofisini kuchukua kitambaa cha marekani cha sanda, na mbao kama zipo. Anazikwa siku ile ile au kesho yake asubuhi, na wanaochimba ni watu wa kwao. Mahali pa makaburi kila kambi ilikuwa napo, na mara zote ni pale mkonge ulipokataliwa: penye mawe, penye vichuguu, au ukingo wa korongo. Ukifika, tembea mipaka ya block, yaani kitalu cha mkonge, usiingie katikati. Tafuta minyaa. Misalaba ya mti ililiwa na mchwa masika mawili tu, kwa hiyo wenye uchungu walichomeka minyaa kichwani, nao mnyaa haufi. Utakuta leo umekuwa mti mkubwa katikati ya mahindi ya watu na mwenye shamba hajui ulipandwa na nani.

Watu hudhani watatofautisha kaburi la Mwislamu na la Mkristo kwa namna lilivyolala. Kwa Tanga haisaidii. Kibla kwetu ni kaskazini, kwa hiyo maiti ya Mwislamu inalala mashariki-magharibi ili uso uelekee kaskazini. Mkristo naye analazwa mashariki-magharibi ili aamke akilitazama jua. Ukiwa juu ya udongo vilima ni vile vile. Tuliwatenga kwa upande: Waislamu huku, Wakristo kule, njia ikipita katikati. Kwa hiyo uliza njia ya zamani ilipita wapi.

Mwisho, na nadhani hili ndilo litakalokusaidia. Mtu wa Liuli mwenye kitabu cha sala cha Kinyanja ni Mwanglikana wa UMCA. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa Korogwe na Magila huku kwetu. Kijana wa kanisa alipokwenda mbali padre wake alimpa barua, naye akifika anaipeleka kwa padre wa huku. Kanisa lina daftari la mazishi. Nenda na cheti cha ubatizo cha mtu wa familia, uombe kwa adabu kusoma mwaka 1955 hadi 1957, mstari kwa mstari. Usitafute jina. Tafuta neno Liuli.

Katekista_Peramiho

Naongezea kwa ambao wazee wao walikuwa Wakatoliki, maana najua ni wengi Songea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyotumika hadi 1983, ilimtaka paroko aandike kwenye daftari la wafu jina la marehemu, umri, wazazi au mwenzi wake, siku aliyokufa, aliyempa sakramenti, na mahali na siku aliyozikwa. Mahali pa kuzikwa pamo. Halafu msisahau daftari la ubatizo la nyumbani: mtu akifunga ndoa parokia nyingine, taarifa hurudishwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake. Nimewahi kumwonyesha mama mmoja jina la kaka yake, ambaye familia ilishamlilia, likiwa na ndoa ya Korogwe ya miaka sita baada ya msiba. Alikuwa amelowea. Dada, sisemi babu yako yuko hivyo, lakini huyo mwenzake alimwona akizikwa?

MjukuuWaZiwani

Katekista, asante, na sijakasirika. Swali lako nilimfikishia shangazi. Anasema ndiyo, yule mzee alimwambia bibi kwamba alimzika kwa mikono yake. Na hapo ndipo lilipomtoka jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu: mzee alisema, "Nimemlaza kwenye kichuguu, miguu inatazama korona." Korona ndicho kiwanda cha kusindika mkonge.

Mzee Karani, shikamoo tena. Tulifanya ulivyotuagiza. Nilisimama kwenye mchungwa, shangazi akakaa kibarazani, nikaita Alban, Alban, Alban. Mara ya tano akashika mdomo. Anasema yule mzee alipokuwa akimzungumzia marehemu hakuwa akimwita Alban. Alimwita Rubani. Wao watoto walidhani ni utani wa safari, kwamba baba yao alipanda ndege.

NyarUgenya

Dadangu, nimelia kusoma hiyo ya kufagia mahali patupu.

Mimi ni wa upande wa Kenya. Ndugu ya babu yangu aliandikwa jeshini, akawa mpiga mizinga wa East African Artillery. Februari 1944 wakapandishwa meli Mombasa, Khedive Ismail, kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Nyumbani ilikuja barua ya Serikali na hakuna aliyejua "kupotea baharini" ni kupotea vipi. Kwetu mtu asiporudi mwili, wazee huzika tunda la yago, lile la mvungunya, mahali pake, likafanyiwa kila kitu cha mazishi. Kwa hivyo ana kaburi nyumbani, na ndani yake kuna yago.

Lakini jina lake lipo pia. Ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, kuna mnara wa ukumbusho wa wale wasio na kaburi, na watu wa meli hiyo wameandikwa pale. Nilimpata kwa mtandao wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jina la baba yake limekosewa, nikamtambua kwa namba ya jeshi, kama hiyo 617 yenu. Nilipogusa zile herufi nilijua Mzee Karani anasema kweli: namba ilimhifadhi kuliko jina.

Nikaenda pia kumtafuta baba ya nyanya yangu, aliyebebeshwa mizigo kwenye vita ya kwanza ya dunia, kwenye kile kikosi cha wabebaji, Carrier Corps, kilichoitwa Kariakoo. Huyo sijampata na sidhani nitampata. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wazungu waliandikwa kwa majina yao. Wabebaji wetu waliachwa porini walikoangukia, na orodha zao nyingi hazikutunzwa. Nakuambia hivi uone kwamba wewe una mto, una kichuguu, una jina la pili. Uko karibu. Nenda.

MtotoWaKambini

Nenda, na uende kabla ya kiangazi hakijaisha. Mimi nimezaliwa kambini Korogwe, babu yangu Mha wa Kasulu aliyelowea. Mashamba mengi yaliyokufa yamegawiwa watu, na kila mwaka trekta linasogea. Makaburi ya kambi ya kina babu upande mmoja umeshalimwa, ng'ombe wanachungwa juu yake. Hakuna ubaya wa makusudi, wanaolima hawajui. Ukifika uliza bibi vikongwe wa kambini, wanaume wa umri ule wameisha.

MjukuuWaZiwani

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha wiki tano.

Shangazi alikataa nimwache. Tulitoka Liuli hadi Mbinga, Songea, tukalala, basi la alfajiri hadi Morogoro, tukalala tena, Chalinze, Korogwe. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kandambili haziingii. Nilimwambia apumzike, akasema amepumzika miaka sitini na nane.

Kanisani walitupokea vizuri mno. Mzee wa kanisa aliangalia cheti cha shangazi, akaona mahali alipobatizwa ni Liuli, akatabasamu, akaleta daftari lenyewe mezani. Jalada limebanduka, limeshonwa upya kwa uzi wa katani. Nikaanza 1955. Mwandiko ni wa mtu mmoja, umelala kulia, wino wa bluu uliogeuka kahawia. Wengi walioandikwa ni watoto wachanga. Nilisoma kwa kidole kama Mzee alivyosema, mstari kwa mstari, nikapita Liuli mbili ambazo si zetu: mmoja kijana, mmoja mwanamke. Nimeyaandika majina yao pembeni, nitayapeleka kwetu, huenda kuna wanaofagia.

Machi 1957. "Rubani, Mngoni, wa Liuli. Homa." Na mahali: "Kambi ya Juu."

Nilimsomea shangazi. Akaniomba nimsomee tena. Kisha akaomba kidole chake kiwekwe juu ya mstari, kwa kuwa macho hayaoni maandishi madogo, nikakishika nikakipeleka.

Kambi ya Juu haipo kwenye ramani ya mtu yeyote. MtotoWaKambini ndiye aliyetupeleka (Mungu akubariki mdogo wangu, ulimbeba shangazi mgongoni pale korongoni) hadi kwa bibi mmoja aliyeletwa kambini akiwa msichana. Yeye hakusita. Aliinua fimbo akaonyesha: njia ya lori ilipita pale, Waislamu chini, Wakristo juu, korona ile kule. Ya korona umebaki ukuta mmoja na msingi wa mashine, mtini umeota ndani. Juu kidogo kuna safu ya minyaa mirefu kuliko nyumba, na nyuma yake kichuguu kikubwa, na kuzunguka kichuguu mahindi ya mtu yamesimama.

Makaburi yaliyobaki yanayoonekana ni kumi na tisa, nimeyahesabu mara mbili. Yaliyo kwenye kichuguu na miguu kuelekea ule ukuta ni matatu. Ndugu zangu, hapo mwisho wa ushahidi. Hakuna jiwe, hakuna alama. Bibi naye hakuweza kusema ni lipi. Nilisimama pale nikihisi nimemleta mama wa watu safari ya siku tatu ili nimwonyeshe matatu asiyoweza kuchagua.

Shangazi alivua kandambili. Akavunja tawi, akaanza kufagia la kwanza, akamaliza, akafagia la pili, akafagia la tatu. Alifagia polepole, kuanzia kichwani, akiokota majani makavu na kuyaweka pembeni kwa mkono. Alipofika la tatu alikuwa anazungumza, lakini kwa Kinyanja, na kwa sauti ya chini, nikasogea mbali nisisikie. Baadaye alisali kwenye kitabu kile cha babu. Mwenye mahindi alikuja na jembe begani kuona ni watu gani. Aliposikia habari aliweka jembe chini akavua kofia. Ameahidi kuacha hatua kumi kuzunguka kichuguu asilime, na tumeandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Tumerudi na udongo wa yote matatu kwenye kitambaa kimoja. Padre wetu amekubali uzikwe pale kando ya bibi, kwenye ule mraba, Siku ya Marehemu. Fundi anatengeneza msalaba wa mninga. Aliniuliza aandike jina gani, nami nikasema Alban, ndilo la ubatizo, ndilo bibi alilomwita. Shangazi alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo.

"Weka na Rubani chini yake," akasema. "Waliomwosha walimwita hivyo."